Kizazi cha konsoli huisha lini? Alama nne zikilinganishwa

Mtu akiuliza PlayStation 2, konsoli (mashine ya kuchezea gemu) ya Sony, iliisha lini, anaweza kupata majibu manne na yote yakawa sahihi. Wa kwanza atasema Novemba 2006, kwa sababu ndipo PlayStation 3 ilipoingia madukani Japani na Marekani. Wa pili atasema Januari 2013, ilipojulikana kwamba Sony imesimamisha utengenezaji wake duniani kote. Wa tatu atasema Novemba 2013, mwezi ambao mchezo wa mpira wa Pro Evolution Soccer 2014 ulitoka Ulaya ukiwa na toleo la mashine hiyo. Wa nne atasema Machi 2016, pale mchezo wa mtandaoni wa Final Fantasy XI ulipoacha kupokea wachezaji wanaotumia PlayStation 2. Kati ya jibu la kwanza na la nne pana karibu miaka 10, na hakuna aliyekosea. Kila mmoja amejibu swali lake.

Shida huanza pale mtu anapolazimika kushika tarehe moja. Anayeandika makala ya historia anahitaji mwaka wa kuweka kwenye jedwali, anayenunua mashine ya mtumba anataka kujua kama bado ina maisha, mkusanyaji anatafuta mahali pa kufungia orodha yake, na mwenye kibanda cha gemu anapiga hesabu kama abadilishe mashine zote au avute mwaka mmoja zaidi. Hawa wote wanatumia neno moja, “kuisha”, kwa mambo yasiyofanana.

Vipimo

Majibu yale manne ndiyo alama nne za kuisha, na kila alama itapimwa kwa mambo manne yale yale. La kwanza ni uthibitisho: je, tarehe yake imetangazwa na kampuni yenyewe, au inakisiwa kutokana na dalili? La pili ni upana: je, alama inafaa kwa mashine za miaka ya 1980 na za sasa, zilizotamba na zilizoshindwa sokoni? La tatu ni mahali: je, tarehe ni moja kwa dunia nzima, au hubadilika kutoka nchi hadi nchi? La nne ni mchezaji: siku hiyo ikifika, ni kitu gani hasa kinachobadilika kwa mtu aliyeshika pedi?

Kuna jambo la kutenganisha kabla ya kuanza. Ukomo wa konsoli moja si lazima uwe ukomo wa kizazi chake. Kizazi ni kundi la mashine zilizoshindana sokoni kwa wakati mmoja. Kile kinachohesabiwa kuwa cha saba kilikuwa na Xbox 360 ya Novemba 2005 pamoja na PlayStation 3 na Wii za Novemba 2006. Mashine hizi tatu hazikuingia pamoja na hazikuondoka pamoja, kwa hiyo anayetaka tarehe ya kizazi kizima ana uamuzi wa ziada: ahesabu mashine ya kwanza kuondoka au ya mwisho. Kwa maoni yangu ahesabu ya mwisho, maana kizazi chenye mashine ambayo bado inauzwa na kutengenezewa michezo ni vigumu kukiita kilichofungwa. Atakayehesabu ya kwanza hatakuwa na kosa, mradi aseme hivyo waziwazi.

Alama ya kwanza: mrithi anapoingia sokoni

Hii ndiyo alama inayotumika zaidi, na kwa upande wa uthibitisho haina mpinzani. Tarehe ya mashine mpya hutangazwa miezi kabla, huandikwa magazetini na watu hupanga foleni: PlayStation 4 tarehe 15 Novemba 2013 nchini Marekani, Xbox Series X na S tarehe 10 Novemba 2020, PlayStation 5 siku mbili baadaye, Nintendo Switch 2 tarehe 5 Juni 2025. Hakuna haja ya kuchimbua nyaraka.

Kwa upande wa mahali, tarehe hizo hupishana, ingawa si kwa kiasi cha kuharibu hesabu. PlayStation 3 ilichelewa kufika Ulaya hadi Machi 2007, na PlayStation 4 ilifika Japani, nyumbani kwa Sony, tarehe 22 Februari 2014, miezi mitatu baada ya Wamarekani kuipata.

Upana ndio unaoitia doa. Sega ilitangaza tarehe 31 Januari 2001 kwamba inaacha kutengeneza Dreamcast na haikuleta mashine nyingine baada yake. Anayeshikilia kwamba konsoli huisha mrithi anapofika itambidi aseme Dreamcast haijaisha hadi leo, au aazime mrithi kutoka kampuni nyingine. Nintendo nayo imekuwa ikienda kwa ratiba yake: Wii U iliingia Novemba 2012, mwaka mzima kabla ya PlayStation 4 na Xbox One, kisha Switch ikaingia Machi 2017, katikati ya maisha ya mashine hizo mbili. Ndiyo maana waandishi wengi makini huitumia alama hii kuonyesha kizazi kipya kimeanza lini, na mwisho wa kile cha zamani huuacha wazi.

Kwa mchezaji, siku hiyo kwa kawaida haibadilishi chochote. God of War Ragnarök ilitoka tarehe 9 Novemba 2022 kwa PlayStation 5 na PlayStation 4 kwa pamoja, miaka miwili baada ya mrithi kuwapo, na EA Sports FC 26 ya Septemba 2025 bado ilikuwa na toleo la PlayStation 4. Aliyeuza mashine yake mwaka 2020 kwa hofu ya kuachwa nyuma aliharakisha.

Alama hii inamfaa mwenye kupanga historia kwa miaka, mwalimu, na yeyote anayelinganisha makampuni yenyewe. Haimfai mnunuzi.

Alama ya pili: uzalishaji unaposimama

Mantiki yake ni nyepesi: kiwanda kikiacha kutoa mashine mpya, idadi iliyopo duniani haitaongezeka tena. Lakini ukiifuata hadi mwisho inakupeleka pa ajabu. Famicom ya Nintendo, iliyozinduliwa Japani tarehe 15 Julai 1983, iliendelea kutengenezwa hadi Septemba 2003. Tukiifuata alama hii kwa ukali, kizazi cha tatu kilikuwa hai wakati PlayStation 2 ina umri wa miaka 3 na Nintendo 64, iliyokuja miaka 13 baada ya Famicom, imekwisha kupisha GameCube. Atari 2600, mashine ya 1977, ilifutwa rasmi mwanzoni mwa 1992, wakati Super Nintendo tayari iko madukani Marekani. Nchini Brazili kampuni ya Tectoy iliendelea kwa miongo kuuza matoleo yake ya Master System ya Sega, mashine ambayo sehemu nyingine za dunia zilikuwa zimekwisha kuisahau. Kwa hiyo alama hii ni pana, kwa maana kwamba kila mashine hufika siku ambayo haitengenezwi tena, lakini hutoa vizazi vinavyolaliana kiasi kwamba jedwali halisomeki.

Mfano wa Brazili unagusa pia kipimo cha mahali. Uzalishaji husimama kwa soko moja moja. PlayStation 2 iliacha kupelekwa madukani Japani mwishoni mwa Desemba 2012, na habari ya kusimama duniani kote ikafuata siku chache baadaye. Kwa PlayStation 3, mwisho uliotangazwa mwaka 2017 ulihusu Japani.

Uthibitisho nao una pande mbili. Mara nyingine kampuni hutangaza wazi, kama Microsoft ilivyofanya tarehe 20 Aprili 2016 kuhusu Xbox 360. Mara nyingine hukaa kimya: Microsoft hiyo hiyo iliacha kutengeneza Xbox One kufikia mwishoni mwa 2020, lakini kauli ya kwamba aina zote zimesimama ilitoka Januari 2022. Kwa zaidi ya mwaka mzima, mtu aliyeandika kwamba Xbox One “inaendelea kutengenezwa” aliandika kosa bila njia ya kulijua.

Kwa mchezaji, athari huja polepole kupitia vipuri, na hapa ndipo alama hii inapopata uzito wake katika miji ya Afrika Mashariki, ambako mashine nyingi hufika zikiwa zimetumika tayari na huishi maisha yao marefu mikononi mwa fundi. PlayStation 2 ya kibandani haisumbuliwi na tangazo la Tokyo. Inasumbuliwa na lenzi. Diski inaanza kukwama kwenye nembo, fundi anafungua kifuniko, anapangusa lenzi kwa pamba yenye spiriti, na mechi inaendelea. Siku pamba inaposhindwa, lenzi nyingine hutolewa kwenye mashine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Kiwanda kikisimama, mashine za kutolea vipuri ndizo zinazobaki, na bei ya pedi halisi hupanda huku ile ya kuiga ikijaa kwenye maduka. Kwa mwenye kibanda, hilo ndilo jambo la kufuatilia kwa karibu kuliko tarehe ya mrithi.

Alama hii inamfaa mkusanyaji wa mashine zenyewe, fundi, na mwenye biashara inayotegemea mashine nyingi za aina moja.

Alama ya tatu: mchezo wa mwisho wenye leseni

Hii ndiyo naiona kuwa karibu zaidi na maana ya kawaida ya mashine kuwa hai: bado kuna mtu anayeitengenezea kitu kipya. Nasema “wenye leseni” kwa makusudi, kwa sababu watengenezaji huru wanaendelea hadi leo kuandika michezo ya Dreamcast na ya Mega Drive kwa mapenzi yao, na tukiihesabu hiyo hakuna konsoli itakayokufa.

Tatizo kubwa ni uthibitisho. Hakuna kampuni inayoandika juu ya kasha kwamba huu ni mchezo wa mwisho. Hujulikana kwa kutazama nyuma, baada ya miaka kadhaa kupita bila mwingine kutoka. Xbox ya kwanza ilipata Madden NFL 09 mnamo Agosti 2008, na ikawa ndiyo kwaheri. PlayStation 3 ilipata FIFA 19 mnamo Septemba 2018, karibu miaka 5 baada ya mrithi wake kuingia sokoni.

Upana wake ni mzuri, ila unaleta mambo ya kuchekesha. Wii ilipata Just Dance 2020 mnamo Novemba 2019, lakini Wii U, mrithi wake, haikuupata mchezo huo; baba alipata alichokosa mwana. Tena alama hii haifuatani kwa mpangilio mmoja na ile ya uzalishaji. Kwa Famicom, mchezo wa mwisho wenye leseni ulitoka Juni 1994, na kiwanda kikaendelea miaka 9 zaidi bila mchezo mpya hata mmoja. Kwa PlayStation 2 ilikuwa kinyume: kiwanda kilisimama kwanza, FIFA 14 na Pro Evolution Soccer 2014 zikafuata baadaye mwaka huo huo. Dreamcast ilizidisha: uzalishaji ulisimamishwa mwaka 2001, na Japani ilipata Karous kwa mashine hiyo mnamo Machi 2007. Anayedhani kwamba alama hizi mbili ni majina mawili ya tukio moja atateleza hapo.

Kuna swali la ubora pia, na silioni likiulizwa vya kutosha. Matoleo ya mwisho ya mpira kwa mashine za zamani mara nyingi huwa ni mchezo ule ule wa miaka iliyopita, uliobadilishiwa jezi, vikosi na majina ya wachezaji. FIFA 19 ya PlayStation 3 iliuzwa kwa bayana kama toleo la aina hiyo. Je, huo ni mchezo mpya? Kwa mwandishi wa historia ya ubunifu, pengine sivyo, na atafanya vema kutafuta mchezo wa mwisho uliotengenezwa upya. Kwa kijana anayetaka kumchezesha mshambuliaji aliyesajiliwa msimu huu, jibu ni ndiyo bila mjadala. Vibandani wengi hawakuisubiri kampuni hata kwa hilo: diski za kuchoma zenye vikosi vya msimu mpya ziliendelea kuzunguka baada ya PlayStation 2 kuachwa na kila mchapishaji.

Kwa upande wa mahali, michezo hutolewa kwa kanda, hivyo “wa mwisho” wa Ulaya unaweza usiwe wa mwisho wa Marekani au Japani. Aandikaye na ataje kanda.

Alama hii inamfaa mnunuzi wa mashine ya mtumba na mzazi anayetaka kujua kama zawadi atakayonunua itapata michezo mipya mwakani. Haimfai anayetaka jibu leo kuhusu mashine ambayo bado inaponaponea.

Alama ya nne: huduma za mtandaoni zinapofungwa

Uthibitisho wake uko sawa na ule wa mrithi: siku hutangazwa mapema, wakati mwingine hata saa. Xbox Live kwa Xbox ya kwanza ilifungwa tarehe 15 Aprili 2010, ingawa wachezaji wachache wa Halo 2 waliacha mashine zao zikiwaka bila kutoka kwenye mchezo, na wa mwisho wao akadumu hadi Mei. Duka la Wii U na 3DS, konsoli ya mkononi ya Nintendo, lilifungwa kwa ununuzi tarehe 27 Machi 2023, na kucheza mtandaoni kukakoma Aprili 2024. Duka la Xbox 360 lilifungwa tarehe 29 Julai 2024.

Hata hivyo tangazo linaweza kurudishwa nyuma. Machi 2021 Sony ilisema duka la PlayStation 3 litafungwa tarehe 2 Julai mwaka huo. Aprili, baada ya malalamiko ya wateja, ikabatilisha uamuzi kwa PlayStation 3 na PlayStation Vita. Aliyekuwa ameandika tarehe hiyo kama ukomo ilibidi afute. Tena duka kufungwa si seva kufungwa: duka la Wii U lilipofungwa, kucheza mtandaoni kuliendelea mwaka mwingine, na aliyekuwa amenunua mchezo aliruhusiwa kuendelea kuupakua. Anayetumia alama hii aseme anahesabu lipi.

Upana ni mdogo: kwa Famicom, Mega Drive au Nintendo 64 alama hii karibu haina kazi. Mahali nako kuna utata unaotuhusu moja kwa moja. Kenya na Tanzania hazimo katika nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation, na wachezaji wa huku hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, hasa Marekani au Uingereza, kisha hununua kadi za malipo za nchi hiyo. Kwa watu hawa huduma haikuwahi kuanza rasmi, lakini ikifungwa watapoteza kama wengine. Kwa kibanda cha PlayStation 2 kinachoendeshwa kwa diski, kwa upande mwingine, alama hii ni habari ya mbali.

Kwa mchezaji mwenye maktaba ya kidijitali, hii ndiyo pekee inayouma. Mrithi, kiwanda na mchezo wa mwisho havimwondolei alichonacho, seva humwondolea.

Uchague ipi, kwa hali gani

Anayetunga jedwali la historia atumie kuingia kwa mrithi kuwa mwanzo wa kizazi kipya, na mwisho wa kizazi cha zamani auandike kwa tarehe mbili, ya uzalishaji na ya mchezo wa mwisho, akitaja nchi. Jedwali litakuwa refu kidogo, lakini halitamdanganya msomaji kwamba PlayStation 2 ilizimika siku moja ya Novemba 2006. Kwa mashine isiyo na mrithi kama Dreamcast, tangazo la kusimamisha uzalishaji ndilo la kushika.

Mkusanyaji wa makasha na diski afuate mchezo wa mwisho wenye leseni katika kanda anayokusanya, maana orodha ya Japani na ya Ulaya hazifungwi siku moja. Mkusanyaji wa michezo ya kupakua hana anasa hiyo: afuate matangazo ya maduka na apakue mapema, bila kutegemea kwamba kila kampuni itabadili nia kama Sony ilivyofanya mwaka 2021.

Mzazi au kijana anayepimia PlayStation 4 ya mtumba leo atapata majibu yanayopingana. Kwa alama ya kwanza, mashine hiyo iliisha mwaka 2020. Kwa alama ya tatu bado iko hai, hasa kwa mpira. Kwa alama ya nne mlango umeanza kusogezwa: Sony ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 michezo ya PlayStation 4 haitakuwa tena sehemu kuu ya michezo ya kila mwezi ya PlayStation Plus, huduma yake ya kulipia. Kama anachotaka ni mpira na michezo mingi mizuri ya miaka 10 iliyopita kwa diski, bei ya mtumba inaweza kumlipa. Kama anataka kwenda sambamba na matoleo makubwa kwa miaka kadhaa ijayo, ni afadhali adundulize fedha hadi afikie PlayStation 5.

Mwenye kibanda aanze na vipuri na mpira wa msimu, mambo mengine baadaye. Akiona pedi halisi na lenzi zimeanza kuadimika mjini, na toleo jipya la mpira limetoka bila mashine yake kutajwa kwenye kasha, abadilishe mashine mbili tatu kwanza, zile za zamani azibakize kwa bei nafuu kwa watoto, na aangalie kwa msimu mmoja wateja wanakaa kwenye benchi lipi.